Kuosha injini ya gari nyumbani bila kuiletea misi

Gari likienda kuoshwa likiwa zima kisha likarudi linamisi (injini inakatakata na kutetemeka kwa sababu silinda mojawapo haichomi vizuri), wa kwanza kushukiwa ni bomba la presha. Raba zilizo kwenye soketi za waya zinamudu matone yanayoruka kutoka barabarani. Maji ya mashine yanayopigwa kwa karibu huzipenya, yakabaki ndani, na baada ya wiki kadhaa pini zinaota kutu ya kijani. Nyumbani kazi hii ni ya brashi, kitambaa na maji yasiyozidi lita 3.

Maelezo haya yanafuata injini ya Toyota 1NZ-FE, ile ya cc 1500 iliyo kwenye IST na Probox, maana imejaa mitaani na injini nyingi ndogo za petroli zimepangwa kwa namna inayokaribiana nayo. Mwenye haibridi (gari la petroli na umeme) kama Prius au Aqua aishie kwenye kitambaa chenye unyevu, na nyaya za rangi ya machungwa asiziguse kabisa. Umeme wake unaua.

Soma uchafu kwanza

Usianze kufuta kabla hujaangalia. Vumbi kavu ni vumbi tu, lakini vumbi lililoshikana na oili likawa kama tope linakuonyesha panapovuja. Oili hushuka, kwa hiyo tafuta sehemu ya juu kabisa iliyolowa. Ikiwa ni kwenye ukingo wa tapeti kava, yaani kifuniko cha juu cha injini, gasketi yake imekauka. Ukoko mweupe au wa waridi kwenye maungio ya mipira ya rejeta ni kulanti (maji ya kupoza injini) iliyovuja na kukaukia hapo. Piga picha za pande zote. (Ndiyo maana injini inayong'aa kupita kiasi kwenye gari la kuuzwa inapaswa kukutia shaka.)

Cha kuandaa

Brashi ya rangi ya inchi 1, mswaki mkuukuu, vitambaa vitano au sita vya pamba, chupa mbili za kupulizia, spana namba 10, glavu za mpira, miwani ya kukinga macho, na mifuko ya kufunikia. Mifuko ya mkate inatosha. Ile laini ya dukani ilishapigwa marufuku, Kenya mwaka 2017 na Tanzania mwaka 2019.

Dawa iwe ya kuondoa grisi inayochanganywa na maji, kwa kipimo kilichoandikwa kwenye chupa yake. Kama huna, vijiko viwili vya chakula vya sabuni ya maji ya vyombo kwenye lita 1 ya maji ya uvuguvugu vitatoa uchafu wa kawaida. Soda kali (kostiki) isisogee hapo: inakula aluminiamu, na injini hii ina aluminiamu nyingi. Petroli nayo hapana. Mvuke wake unashika moto hata kwenye baridi ya nyuzi 40 chini ya sifuri, sembuse pembeni ya ekzosi iliyotoka kufanya kazi. Dizeli, wanayoipenda vijana wa kuosha magari kwa sababu ya mng'ao, huvimbisha na kulainisha mipira, hufanya mkanda uteleze, na kesho yake imeshika vumbi kuliko mwanzo.

Injini iwe vuguvugu

Zima gari, toa ufunguo, fungua boneti, subiri dakika 30 hadi 45 kivulini. Kipimo ni kiganja: kikikaa juu ya tapeti kava bila kuungua, anza. Injini ikiwa ya moto, dawa hukauka kabla haijafanya kazi na kuacha mabaka, na maji baridi yanaweza kupasua chuma cha ekzosi. Feni ya rejeta pia inaweza kuwaka ghafla ufunguo ukiwa umeachwa kwenye ON.

Fungua terminali hasi ya betri na uiweke kando. Hasi ndiyo inatangulia, kwa sababu spana ikigusa bodi unapofungua chanya wakati hasi bado imefungwa, utapata cheche kubwa. Wakati wa kurudisha, hasi inakuwa ya mwisho. Kama kuna unga mweupe kwenye terminali, changanya kijiko kimoja cha magadi soda kwenye glasi ya maji, sugua kwa mswaki mpaka povu liishe, kisha futa. Mchanganyiko huo usiingie ndani ya betri.

Funika altaneta (inayochaji betri; ifuate kwa kuangalia mkanda unakopita), mdomo wa chujio la hewa, boksi la fyuzi na koili nne zilizo juu ya injini, zinazopeleka umeme kwenye plagi. Kaza kifuniko cha oili na stiki yake. Chomoa majani yaliyojaa chini ya waipa. Humo ndimo panya wanapoanzia.

Kuosha kwenyewe

Ondoa vumbi kwa brashi kavu kwanza. Hatua hii ndiyo inayorukwa sana, na ukiiruka unatengeneza matope. Kisha pulizia dawa eneo dogo, kama la ukubwa wa sahani, ukianzia chini kupanda juu ili isichore michirizi. Iache dakika 3 hadi 5, isikauke, sugua, halafu futa kwa kitambaa. Karibu na koili na soketi usipulizie: lowesha kitambaa, kikamue, ndipo ufute.

Suuza kwa chupa ya pili yenye maji matupu, matone madogo madogo, na ufute papo hapo. Tandika boksi la karatasi na mchanga chini ya gari. Mchanga ulionyonya oili uzoe, usiuache uelekee mtaroni au kisimani.

Kukausha na kuwasha

Toa mifuko yote. Mfuko uliosahaulika juu ya ekzosi unaweza kuwaka moto, kwa hiyo hesabu ulivyofunika na ulivyotoa. Acha boneti wazi kwa saa moja, rudisha terminali, washa, iache ingurume dakika 10 bila kukanyaga mafuta. Silensa (mzunguko wa injini bila kukanyaga mafuta) ikipanda au kushuka kidogo mwanzoni, usihangaike. Kompyuta ilikatiwa umeme na inajipanga upya.

Ikitetemeka na taa ya injini ikiwaka kwa kumetameta, zima. Usiendeshe ukidhani itakauka njiani: petroli isiyoungua inaingia kwenye masega ya ekzosi (kifaa cha kusafisha moshi) na kuyachoma. Toa ufunguo, fungua boliti ya kila koili kwa spana namba 10, ivute wima, uitazame shina lake. Yenye matone ndiyo mkosaji. Ikaushe, kisha zungushia kitambaa kikavu kwenye kijiti na unyonye maji yaliyomo kwenye shimo la plagi. Usichomoe plagi maji yakiwa bado humo. Yatadondokea ndani ya silinda.

Baada ya kilomita 100 hivi fungua boneti tena, uzishike zile picha za mwanzo. Pale palipolowa upya, ukiwa na tochi, utaiona oili ikitokea.