Kuvuna maji ya mvua kwenye paa la bati: anza na maji ya kutupa

Huku Dodoma msimu wa mvua ni mmoja. Unaanza Desemba, ukiwahi sana Novemba mwishoni, unakata Aprili, kisha ni vumbi mpaka mwaka ukaribie kuisha. Kwa mwaka mzima tunapata kama milimita 550 hadi 600, na visima vingi vya mitaani vina chumvi. Ndiyo maana kazi ya kufunga matanki ya mvua haikosekani, na ndiyo maana inaniuma kuona familia imetoa hela nyingi kwenye tanki halafu maji yake inayatumia kumwagilia tu, kwa sababu yananuka. Maelezo haya ni kwa nyumba ya kawaida ya bati, ukiwa na fundi au ukifanya mwenyewe.

Hatua ya 1: Piga hesabu kabla ya kwenda dukani

Milimita moja ya mvua kwenye mita moja ya mraba ni lita moja ya maji. Pima paa ukiwa chini, urefu kwa upana pamoja na upenu. Usipime mteremko wa bati. Upande mmoja wa paa wenye mita 10 kwa 4 una mita za mraba 40. Zidisha kwa 550, toa asilimia 20 ya maji yatakayoruka, kukauka na kumwagwa: unabaki na lita 17,600. Huo ni upande mmoja tu.

Huhitaji tanki la kubeba yote hayo. Simtanki la lita 5,000 likiwa limejaa mwishoni mwa Aprili ni ndoo 250 za lita 20. Ndoo moja kwa siku ya kunywa na kupikia inaivusha familia kiangazi chote, na Desemba inaingia ndoo zingine bado zimo. Ushauri wangu ni huo: maji ya mvua yawe ya kunywa na kupika. Ya kufulia na kudekia yatoke bombani au kisimani.

Hatua ya 2: Kitako na tanki

Pima kwa futikamba kutoka ncha ya bati hadi chini. Tanki la lita 5,000 hukaribia au huzidi mita 2 kwa kimo, ongeza kitako cha sentimita 40 ili ndoo ienee chini ya koki, na hapo wengi hugundua mdomo wa tanki umepita paa. Nyumba ikiwa fupi, nunua mawili madogo.

Lita 5,000 ni tani 5. Kitako kiwe cha mawe na zege, kiwe sawa kwa pimamaji, na kiwe kipana kuliko tanki. Tanki liwe jeusi, maana mwanga ukipenya maji yanaota ukijani.

Hatua ya 3: Gata

Gata ni mfereji unaokinga maji kwenye ncha ya paa. Mimi nachukua la bati lililokunjwa na mafundi bati. Bomba la plastiki lililopasuliwa katikati ni rahisi kwa bei, lakini jua la huku linalikunja, na likishabonyea maji yanatuama, na majani yanaozea hapo hapo.

Kwa kila mita ya mraba ya paa, tumbo la gata, yaani eneo la uwazi wake ukiliangalia kwa mwisho, liwe na angalau sentimita moja ya mraba. Paa letu la mita za mraba 40 linadai sentimita za mraba 40, na mimi huweka mara mbili yake kwa sababu mvua zetu hushuka kwa kishindo. Funga uzi, shusha sentimita 1 kwa kila mita 2 kuelekea kwenye tanki. Kama mwarobaini umeinamia paa, kata matawi.

Hatua ya 4: Maji ya kwanza

Hapa ndipo kazi ilipo. Mama mmoja wa Nkuhungu aliniuliza, "Fundi, si maji ya mvua ndiyo masafi kuliko yote?" Yakiwa angani, ndiyo. Yakigusa bati lililokaa miezi saba bila kuoshwa, yanashuka na vumbi, kinyesi cha ndege na mijusi, na majani makavu. Maji yake yalikuwa ya rangi ya chai, na chini ya tanki kulikuwa na tope la kutosha kuzamisha kidole. Tanki halikuwa na kosa lolote, wala gata. Dakika za mwanzo za mvua zilikuwa zimeingia ndani.

Unachohitaji ni bomba lililosimama wima, lililozibwa chini, ambalo linapokea maji ya mwanzo kabla ya tanki. Likijaa, maji yanayofuata yanapita juu yake na kwenda tankini. Kutegemea mtu achomoe bomba kwa mkono sikushauri, kwa sababu mvua hunyesha usiku au mkiwa kazini.

Ukubwa wake: kwa vumbi la Dodoma natupa lita 1 kwa kila mita ya mraba ya paa, yaani lita 40 hapa. Bomba la inchi 4 linabeba takribani lita 8 kwa mita, kwa hiyo ungehitaji mita 5, na hakuna ukuta wa hivyo. Chukua la inchi 6, linalobeba kama lita 18 kwa mita. Mita 2.2 zinatosha. Nyumba ikiwa fupi, mita 1.5 zitakupa lita 27, bado ni vizuri. Wengine huweka pipa. Mimi sitaki pipa, kwa sababu mdomo wake mpana unaruhusu maji yanayoingia kuvuruga uchafu na kuurudisha juu.

Mpangilio ni huu. Bomba la kushuka kutoka kwenye gata linaingia kwenye tii, kiungo chenye midomo mitatu kama herufi T. Mkono wa pembeni wa tii unaelekea tankini, na uwe juu kidogo ya mdomo wa tanki ili maji yateremke, yasilale njiani. Mguu wa chini wa tii unaingia kwenye bomba la inchi 6 kupitia kiungo cha kupunguzia. Ndani ya bomba tumbukiza mpira wa plastiki wa watoto, mkubwa kuliko tundu la juu lakini mdogo kuliko upana wa bomba. Maji yakipanda unapanda nayo na kuziba tundu. Ujaribu kabla ya kuunganisha: mpira unaogusa kuta za bomba utakwama nusu ya safari, na hutajua mpaka uone maji machafu.

Sasa chini. Usigundishe kifuniko. Kiwe cha kufungua kwa mkono, kwa sababu tope litajaa na lazima litoke. Pembeni, sentimita kadhaa juu ya kifuniko, weka koki ndogo inayodondosha tone tone, ili bomba limwagike lenyewe na kuwa tupu kabla ya mvua inayofuata. Kasi yake inataka subira. Ukiifungua sana, manyunyu yote yataishia pale bila hata tone kufika tankini. Ukiibana sana, tope linaiziba, bomba linabaki limejaa, na mvua ya kesho inapeleka uchafu moja kwa moja kwenye tanki. Ninayoipenda ni ile inayomaliza maji kwa usiku mmoja. Baada ya kila mvua kubwa gonga bomba kwa mkono: likitoa sauti nzito asubuhi, koki imeziba.

Bomba hilo likijaa lina zaidi ya kilo 40. Lishike ukutani kwa vyuma viwili au vitatu, na si kwa waya.

Na mvua ya kwanza kabisa ya msimu usiipokee, hata kama una kifaa hiki. Ondoa bomba la kuingilia tankini, acha paa lioge lote, kisha rudisha.

Hatua ya 5: Wavu

Wavu wa chuma wenye matundu madogo kwenye mdomo wa tanki na kwenye bomba la ziada, lile linalotoa maji tanki likishajaa. Mbu wanaoleta dengi wanapenda maji yaliyotulia kama haya.

Hatua ya 6: Kutumia

Ya kunywa chemsha, au weka dawa ya klorini kwa kipimo cha kwenye pakiti. Uwazi wa maji si ushahidi wa usalama. Kama bati lako limepakwa rangi ya zamani yenye madini ya risasi, usinywe maji yake kabisa.

Maji ya koki ya Hatua ya 4 na ya bomba la ziada yaelekezwe kwenye shimo la migomba au mpapai, lililojazwa majani makavu. Hapo hapo unaweza kumwaga maji ya kusuuzia nguo, yale ya mwisho yenye povu dogo, siku ile ile kabla hayajanuka. Ya kwanza yenye sabuni nyingi, na yoyote yenye dawa ya kung'arishia nguo, yasiende shambani, kwani udongo wetu tayari una chumvi. Mchicha na mboga za kuliwa mbichi usizimwagilie maji ya kufulia.

Novemba, tanki likiwa karibu tupu, lisafishe, fungua kifuniko cha bomba la inchi 6, toa tope, na angalia kama mpira bado unaelea.