Namna ya Kutambua Gemu Inayomdhulumu Mlaji Kabla Hujalipa

Kabla hujaingiza namba ya siri kulipia kitu chochote ndani ya gemu, hakikisha unaijua bei yake kwa shilingi, unajua utapewa nini hasa, na unajua kitakaa kwako hadi lini. Gemu inayokuficha hata jambo moja kati ya hayo inakudhulumu, hata kama uliipakua bure.

Anza na bei, kwa kuwa ndipo fedha nyingi hupotelea. Gemu nyingi za simu haziuzi vitu kwa shilingi, bali huuza almasi au sarafu zao zenyewe, na hizo ndizo zinazonunua mavazi, silaha au wachezaji. Chukua daftari upige hesabu, kama nilivyofanya na mpwa wangu barazani kwao Sinza, siku mama yake alipokuta salio la simu limepungua. Vazi alilolitaka liliuzwa kwa almasi 620, ilhali kifurushi kilichokuwapo kilikuwa cha almasi 500 kwa shilingi 12,000, hivyo alilazimika kununua viwili na kulipa 24,000. Tulipogawanya tukaona kwamba almasi moja ni shilingi 24, kwamba vazi lenyewe lilikuwa la shilingi 14,880, na kwamba shilingi 9,120 za dada yangu zimebaki ndani ya gemu kama almasi 380 zisizotosha kununua vazi jingine. “Mjomba, mimi sikutumia hela, nilitumia almasi,” aliniambia, naye alikuwa akisema kweli kwa namna alivyoelewa. Vifurushi hupangwa hivyo makusudi ili chenji isiishe na mteja arudi. Kwa hiyo andika bei ya kila kitu kwa shilingi, pamoja na chenji itakayobaki, ndipo uamue.

Ukikutana na kisanduku cha bahati, yaani kile unacholipia bila kujua kilichomo, tafuta kwanza mahali panapoonyesha uwezekano wa kupata kila kitu. Tangu mwaka 2017 China imezitaka kampuni ziutangaze, na Apple ikaweka sharti kama hilo kwenye duka lake la programu mwaka huohuo. Usiposikia namba, usilipe. Ukiambiwa ni asilimia 1, usidhani kwamba visanduku 100 vitakuhakikishia kitu hicho: ikiwa kila kisanduku kinasimama peke yake, bado kuna uwezekano wa karibu asilimia 37 wa kukikosa baada ya kuvifungua vyote. Mwezi Aprili 2018, tume ya michezo ya kubahatisha ya Ubelgiji ilitamka kwamba visanduku vya kulipia katika gemu kadhaa, ikiwemo FIFA 18, ni kamari isiyo halali nchini humo. Nami naamini hivyo, kwa sababu mtoto wa miaka 12 hapa Dar es Salaam haruhusiwi kuweka mkeka, na sioni kwa nini aruhusiwe kubahatisha kwa jina la almasi.

Angalia pia vitufe. Mwaka 2022 kampuni ya Epic Games, mwenye Fortnite, ilikubali kulipa dola milioni 245 za kuwarejeshea wateja, baada ya mamlaka ya biashara ya Marekani kudai kwamba mpangilio wa vitufe vyake uliwafanya watu wanunue bila kukusudia. Weka simu yako idai nywila kwa kila ununuzi, na usihifadhi kadi ya malipo kwenye simu anayochezea mtoto.

Kwa anayenunua diski Kariakoo, swali kubwa ni la umiliki. Soma maandishi ya kwenye kasha uone kama gemu inahitaji intaneti wakati wote, kwani gemu ya namna hiyo huishi kadiri kampuni inavyotaka. The Crew ya Ubisoft, iliyotoka mwaka 2014, ilizimiwa seva tarehe 31 Machi 2024, na hata waliokuwa na diski mkononi hawakuweza kuicheza tena. Naona ni dhuluma kumuuzia mtu kitu bila kumwambia waziwazi kwamba siku moja utakizima.

Ikiwa umeshalipa na umeona hila, usifute gemu kwa hasira. Piga picha ya skrini, tunza ujumbe wa muamala, na kama ulinunua kupitia Google Play, omba kurejeshewa fedha ndani ya saa 48, kwa sababu baada ya hapo mara nyingi utaelekezwa kwa mtengenezaji wa gemu. Ukikataliwa, andika malalamiko kwa Tume ya Ushindani, FCC, yenye jukumu la kumlinda mlaji chini ya Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003, inayokataza mwenendo wa kupotosha katika biashara. Taja tarehe, kiasi na ulichoahidiwa, kisha uambatishe ile hesabu ya daftarini, ukionyesha bei ya shilingi ambayo gemu haikukuonyesha.