Raba inayolia: nilivyoufundisha mguu wangu kutembea upya

Mimi ni konda, ruti ya Mbagala–Kariakoo. Kwenye kazi yetu mguu wa kushoto ndio unaotangulia chini, gari likiwa bado linajivuta, na kifundo changu cha kushoto kimeteguka mara nne ndani ya miaka miwili. Mara tatu za mwanzo nilielewa: shimo, jiwe, ukingo wa mtaro. Ya nne nilikuwa natoka bafuni na ndoo tupu, kwenye sakafu iliyonyooka. Ndipo nikaenda kwa fizio, mtaalamu wa mazoezi ya viungo.

Yule dada hakuanza na mguu. "Vua raba, kaka, nipe." Akaigeuza. Soli ya kushoto ilikuwa imelika upande wote wa nje, kuanzia kisigino mpaka chini ya kidole kidogo, na upande wa kidole gumba vijino vya soli vilikuwa bado vikali kama vya dukani. "Unakanyagia pembeni," akasema. Kano za nje zikishavutika mara kadhaa, mtu huanza kutua na mguu ulioinamia nje, mwenyewe hana habari, na hapo kokoto moja tu linatosha. Akanieleza kwamba Marekani, Luke Donovan na wenzake walichapisha mwaka 2016 jaribio la kifaa kinachowekwa chini ya upande wa nje wa mguu: uzito ukizidi pale, kinapiga kelele, na mtembeaji anajirekebisha palepale. Yeye hakuwa na kifaa hicho. Alikuwa na wazo la viatu vya watoto vinavyolia.

Kama umeteguka juzi na mguu umevimba, zoezi hili lisubiri. Kama huwezi kupiga hatua nne, au ukibonyeza mfupa wa kifundo unaruka kwa maumivu, kapige picha kwanza. Mimi mara mbili nilikandwa maji ya moto siku ileile na mzee mmoja aliyesema ni mshipa tu, uvimbe ukapanda hadi nusu ya muundi.

Sasa tafuta raba ya zamani yenye soli nene na kile kipira kidogo cha plastiki kinachofanya viatu vya watoto vilie pwii-pwii. Changu kilitoka kwenye kiatu cha mtoto wa dada yangu kilichokuwa kimeshambana. Mpelekee fundi viatu. Ainue soli ya ndani, achimbe kishimo chini ya fundo la kidole kidogo, yaani pale kidole kinapoungana na mguu, kipira kizame humo, kisha arudishe soli ya ndani juu yake. Fundi wangu alicheka mpaka akaweka sindano chini, lakini alichimba vizuri.

Kukipima ndiko kwenye kazi. Simama wima kwa miguu yote miwili: kiwe kimya. Egemea nje makusudi: kilie. Tembea kawaida. Kikilia kila hatua hata unapojitahidi, zungushia vipande vya boksi pembeni yake ili kibonyezwe kwa shida zaidi. Kisipolia kabisa, weka kipande chini yake. Upande wa nje lazima uguse chini kidogo, ndivyo mguu ulivyoumbwa, kwa hiyo tunakamata ile ziada tu. Nilirudia kama mara saba, nimekaa kwenye ngazi na mkasi, mpaka kikawa kinalia pale tu mguu unapolalia upande wa nje.

Kutembea kwenyewe: uchochoro wenye sakafu au baraza ndefu, dakika kumi, macho mbele. Kisigino kitue kwanza, halafu uzito uteleze mpaka kidole gumba, hicho ndicho kikusukume. Usikunje goti kwa ndani ili kunyamazisha kiatu. Nami nilidanganya, nakiri. Siku mbili za kwanza kiatu kilinyamaza nikadhani nimepona, kumbe nilikuwa nakatisha hatua na kuchechemea kwa kisigino. Aliyenigundua ni mtoto wa jirani: "Anko, mbona unatembea kama bata?" Hatua ya mguu mzima na ya mguu mbovu ziwe na urefu mmoja.

Kuanzia wiki ya pili usiache kilie muda wote. Dakika tano na sauti, kisha ziba tundu la kipira kwa utepe wa karatasi wenye gundi, dakika tano bila sauti, kisha bandua usikie umebaki wapi. Usipofanya hivyo utajua kutembea vizuri ukiwa na filimbi tu. Jioni baada ya kazi ndipo penye mtihani halisi, maana mguu uliochoka unarudi kwenye tabia yake. Asubuhi wangu ulikuwa kimya. Saa mbili usiku, pwii.

Sambamba na hayo nilisimama kwa mguu mmoja kila nilipopiga mswaki, na nilifunga tyubu ya baiskeli kwenye mguu wa kitanda nikawa naivuta kwa nje na unyayo. Misuli ya ubavuni mwa mguu ndiyo inayouzuia usilale, na filimbi haiipi nguvu.

Sasa ni mwezi wa nne. Soli mpya inalika sawa pande zote mbili. Mlangoni siku hizi nashuka gari likishasimama kabisa, na dereva wangu ananiambia nimekuwa abiria.