Gia Zinapogoma Baada ya Injini ya Pikipiki ya Matopeni Kufungwa Upya

Giaboksi iliyokuwa ikiingiza gia zote sawasawa kabla injini haijafunguliwa haichakai ikiwa imelala juu ya meza. Kwa hiyo pikipiki ya matopeni inayogoma kuingia gia mara tu baada ya injini kufungwa upya kwa kawaida haina ugonjwa mpya: kuna kitu kimesahaulika, kimegeuzwa, au kimebanwa pasipotakiwa. Ukaguzi uanzie kwenye kile ambacho mkono wa fundi ulikigusa mwisho, urudi nyuma hatua kwa hatua, na nusu mbili za injini zisitenganishwe mpaka kila kilicho nje yake kimethibitika kuwa sawa. Nasisitiza hili kwa sababu nimeshuhudia siku nzima ikipotea katika kufungua injini, kumbe kosa lilikuwa bolti moja iliyolegea nyuma ya kava la klachi.

Kwanza hakikisha kwamba kweli kuna hitilafu. Katika giaboksi ya aina hii, gia za shafti zote mbili hushikana meno muda wote. Unapokanyaga pedali, foku (uma wa chuma unaoshika gia) husogeza baadhi ya gia pembeni ili meno makubwa yaliyo ubavuni mwake yaingie kwenye nafasi za gia jirani. Tairi la nyuma likiwa limesimama, meno hayo yanaweza kukutana ncha kwa ncha, na gia haitaingia hata kama kila kitu ni kizima. Ndiyo maana mtu anayejaribu gia pikipiki ikiwa juu ya stendi na injini imezimwa hupata ya kwanza, pengine na ya pili, kisha pedali ikakataa naye akakata tamaa bure. Zungusha tairi la nyuma kwa mkono huku ukipandisha gia taratibu, ukizihesabu: ya kwanza iko chini, nyutro iko kati ya ya kwanza na ya pili, na zilizobaki hupanda. Andika zinazoingia na zisizoingia, kwa maana maandishi hayo utayahitaji baadaye.

Halafu tofautisha kosa la klachi na kosa la gia. Ingiza gia ya kwanza injini ikiwa imezimwa, bana mkono wa klachi na usukume pikipiki. Ikikataa kusogea kana kwamba hukubana kitu, klachi haiachii. Na klachi isiyoachia hufanya gia ziingie kwa kishindo na nyutro isipatikane injini ikiwa inanguruma, jambo ambalo wengi hulilaumu giaboksi. Kama, kinyume chake, umeachia mkono na pikipiki bado inasukumika kirahisi ilhali iko kwenye gia, klachi haishiki.

Kwa klachi isiyoachia, anza na waya. Pikipiki nyingi za Honda hutaka ncha ya mkono wa klachi icheze milimita 10 hadi 20 kabla haijaanza kuvuta. Ikicheza zaidi ya hapo, plati (visahani vya klachi vinavyobanana) hazitenganishwi vya kutosha. Waya ukiwa sawa, fungua kava. Je, gololi ndogo ya chuma inayokaa kwenye fimbo ya kusukumia ilirudishwa, kwa injini zenye gololi hiyo? Je, plati mpya zililowekwa kwenye oili kabla ya kufungwa, au zilipachikwa zikiwa kavu? Kisha shika habu ya klachi (kitovu chake cha ndani) kwa mkono mmoja na uzungushe kikombe kinachobeba plati kwa mkono mwingine, plati zikiwa zimetolewa na nati ya katikati ikiwa imekazwa kwa kipimo. Kikombe lazima kizunguke chenyewe bila kuivuta habu. Kikigandamana nayo, washa nene (pete bapa ya chuma) inayokaa kati yao haipo. Mara nyingi washa hiyo hunata kwa utando wa oili mgongoni mwa habu wakati wa kufungua, ikaenda nayo kwenye beseni la kuoshea, na hakuna anayeikumbuka.

Klachi isiyoshika ina mtego wake. Katika injini nyingi, plati ya juu inayobanwa na springi ina meno yanayopaswa kulala ndani ya nafasi za habu. Ukiipachika ikiwa imepishana kidogo, meno yatakaa juu ya meno, bolti za springi zitakaza vizuri kabisa, na kila kitu kitaonekana kimekamilika ilhali plati za ndani hazijabanwa hata kidogo. Ishike plati hiyo kwa vidole na uitikise kabla ya kutia springi; ikiwa imekaa mahali pake, haina nafasi ya kuzunguka peke yake. Oili nayo huchangia: oili ya gari yenye viambato vya kupunguza msuguano huzitelezesha plati, kwa hiyo tumia yenye alama ya JASO (viwango vya Kijapani vya oili) MA au MA2, kwani MB haikukusudiwa klachi inayooga kwenye oili ya injini. Kumbuka pia kwamba injini za mipigo miwili zina oili ya giaboksi peke yake, na hata baadhi ya zile za mipigo minne, kama Honda CRF450R ya mwaka 2002, zina vyumba viwili vya oili, kimoja cha injini na kingine cha klachi na giaboksi, vinavyojazwa kila kimoja kivyake.

Klachi ikithibitika kuwa nzima, kitoe kikombe chake ili uone mtambo wa kubadilishia gia. Tazama springi ya kurudishia iliyozungushwa kwenye shafti ya pedali: miguu yake miwili lazima iikumbatie pini iliyofungwa kwenye mwili wa injini, mmoja upande huu na mwingine upande ule. Pini hiyo ikilegea, au miguu yote ikiwa upande mmoja, pedali hairudi katikati, na matokeo yake ni pikipiki inayopanda gia lakini haishuki, au kinyume chake. Kisha angalia nyota iliyo kwenye ncha ya dramu ya gia (silinda yenye mifereji inayosogeza foku) pamoja na mkono wenye kigurudumu unaoikandamiza. Nyota hukaa kwa pini ndogo inayoingia kwenye tundu lake. Ikifungwa nje ya tundu hilo, dramu husimama mahali pasipo gia wala nyutro. Bolti yake ipakwe gundi ya nyuzi za bolti, na mkono wa kigurudumu usukumwe kwa kidole: urudi wenyewe kwa nguvu. Ukirudi kivivu, umebanwa na bolti yake kwa sababu umekaa juu ya bega la bolti badala ya kulizunguka.

Hayo yote yakiwa sawa, sasa ndipo ile karatasi ya gia inapofanya kazi. Gia mbili zinazotegemea foku moja zikikosekana pamoja wakati nyingine zinaingia, foku hiyo ndiyo mshukiwa. Niliwahi kufunga injini yenye foku tatu zilizofanana mno, nikageuza ile ya katikati juu chini. Pini yake iliingia kwenye mfereji wa dramu bila ubishi, shafti zikazunguka, nami nikafunga nusu za injini kwa furaha, mpaka nilipokuta gia mbili hazipo. Nilipofungua niliona herufi zilizochongwa kwenye kila foku kuonyesha upande wake, wazi kabisa, zikinitazama.

Ikiwa shafti zilizunguka vizuri kabla ya bolti kukazwa, kisha zikawa nzito kila bolti ilivyoongezwa nguvu, kuna washa iliyozidi, iliyokosekana au iliyohamishiwa shafti nyingine, au kuna shafti isiyokaa hadi mwisho wa beringi yake. Usilazimishe. Bolti za milimita 6 zinazounganisha nusu hizo kwa kawaida hukazwa kwa Nm (kipimo cha nguvu ya kukaza) 10 hadi 12 tu, na nusu zisizokutana kwa nguvu hiyo hazitakiwi kukutanishwa kwa nguvu kubwa zaidi. Kama uzito ni mdogo, gonga ncha za shafti taratibu kwa nyundo ya plastiki, maana beringi iliyoingizwa kwa joto huweza kubaki imevutwa upande mmoja. Angalia pia kama bolti ndefu ya kava imewekwa penye tundu fupi na ncha yake inagusa kitu ndani.

Gia inayoingia kisha ikaruka unapoongeza mafuta ni suala tofauti kidogo, kwa kuwa hapo uchakavu wa zamani unaweza kuwa umejificha. Kagua kona za meno ya ubavuni: zikiwa za mviringo badala ya kali, gia hiyo na mwenzake zibadilishwe pamoja. Foku yenye ncha za rangi ya buluu iliungua kwa msuguano, na kuna uwezekano imepinda. Klipu zinazozuia gia zisihame nazo ziwe mpya. Upande wake wenye ukingo mkali uelekee mbali na kitu kinachoisukuma, la sivyo huweza kupanda na kutoka kwenye mfereji.

Kabla ya kurudisha kava, pitisha gia zote kwenda na kurudi mara kadhaa huku ukizungusha sproketi ya mbele kwa mkono. Baada ya safari fupi ya kwanza, mwaga oili ingali na joto na uichuje kwenye kitambaa cheupe: unga laini wa chuma ni kawaida kwa vipuri vipya, lakini kipande chenye umbo, hata kiwe kidogo kama punje ya mchele, kinakurudisha mezani kabla ya kuwasha injini tena.