Kuchagua ndoana na kupanga mshipi wa kuvua kambare

Kambare akivuta mara tatu nne kisha akaacha, watu hubadilisha chambo. Mara nyingi chambo hakina tatizo. Ndoana ndiyo imejazwa nyama mpaka ncha ikazama, kwa hiyo samaki anatafuna na kutema bila kuchomwa. Nafasi iliyo wazi kati ya ncha na shina la ndoana ndiyo inayomkamata samaki, na ukishaweka chambo, angalau nusu ya nafasi hiyo ibaki tupu.

Namba kwanza, maana huwachanganya wengi. Kwenye namba za kawaida, namba ikikua ndoana inapungua: namba 8 ni ndogo kuliko namba 4, na namba 4 ni ndogo kuliko namba 1. Zenye mkwaju na sifuri huenda kinyume: 1/0 ni kubwa kuliko 1, na 6/0 ni kubwa kuliko 1/0. Watengenezaji hawalingani vipimo, hasa kwa ndoana za duara, hivyo 5/0 ya mmoja inaweza kuwa sawa na 7/0 ya mwingine. Iangalie nafasi yenyewe kwa macho kabla ya kuamini namba.

Chagua kwa kufuata chambo, kisha uzito wa samaki unaowatarajia. Minyoo na kambare wa chini ya kilo moja hutosheka na namba 4 hadi namba 1, yenye shina refu ili iwe rahisi kuitoa. Vipande vya samaki kwa kambare wa kilo moja hadi nne vinahitaji 1/0 hadi 4/0. Kwa samaki wakubwa zaidi, ukitumia vipande vinene au samaki mzima mdogo, nenda 5/0 hadi 8/0, na chuma kiwe kinene. Ndoana nyembamba hunyooka samaki mzito anapogeuka na kuvuta kuelekea chini. Kwa upande mwingine, chuma kinene hakichomi vizuri kwa mvuto hafifu, kwa hiyo usiweke ndoana nzito kwenye ufito laini, yaani fimbo ya kuvulia inayopinda kirahisi.

Umbo ni uamuzi mkubwa kuliko ukubwa. Ndoana ya kawaida yenye umbo la J inahitaji ushike ufito mkononi na uvute kwa nguvu samaki akishachukua chambo. Ndoana ya duara, ile ambayo ncha yake imeinamia ndani kuelekea shina, hufanya kazi hiyo yenyewe: samaki anaondoka na chambo, ndoana inateleza mpaka pembeni mwa mdomo, inageuka na kushika. Kwa anayeacha ufito kwenye kishikio usiku, ya duara ndiyo bora, na samaki hamezi ndoana hadi tumboni mara kwa mara. Sharti lake ni moja: usishtue. Ukivuta ghafla, unaing'oa mdomoni kabla haijageuka. Subiri ufito upinde na ubaki umepinda, kisha anza kuzungusha rili, kile kigurudumu cha kukunjia mshipi, polepole bila kulegeza mshipi. Chagua yenye ncha iliyo mstari mmoja na shina, isiyopinda kushoto wala kulia. Iliyopindishwa kando hushika koo mara nyingi zaidi.

Ndoana ya duara hufungwa vizuri zaidi kwenye shina kuliko kwenye tundu. Pitisha mshipi tunduni ukitokea upande unaotazamana na ncha, uvute sm 20 hivi. Ulaze kando ya shina na utengeneze kitanzi kwa ule mwisho mfupi. Zungusha mwisho huo mara 6 au 7 kulizunguka shina pamoja na mshipi uliolala, kila mzunguko ukipita ndani ya kitanzi. Lowanisha kwa maji au mate, vuta mwisho mfupi mpaka mizunguko ijipange bila kupandana, kisha kaza kwa kuvuta mshipi mrefu. Fundo likikazwa kavu, nailoni hupata joto la msuguano na kudhoofika palepale.

Sasa mpangilio. Ukijua mmoja tu, uwe huu wa chubwi (uzito wa kuzamishia mshipi) linaloteleza. Kwenye mshipi mkuu wa nailoni wa mm 0.40 hadi 0.50 tia chubwi lenye tundu katikati, kisha shanga ya plastiki, kisha funga swiveli, kile kiungo kidogo cha chuma kinachozunguka. Upande wa pili wa swiveli funga kipande cha mwisho cha sm 30 hadi 50 chenye ndoana. Kambare anachukua chambo bila kuhisi uzito, kwa kuwa mshipi unapita ndani ya chubwi. Shanga si pambo: bila hiyo chubwi hugonga fundo kila unaporusha, na fundo ndilo linalokatika. Kipande cha mwisho kiwe kinene, mm 0.60 hadi 0.80, kwa sababu meno ya kambare ni madogo lakini yamejipanga kama msasa na husugua mshipi muda wote wa pambano.

Watu hupenda kukirefusha kipande hicho. Kwenye maji yanayokwenda, kirefu hujizungusha, hunasa visiki, na humpa samaki muda wa kumeza.

Uzito wa chubwi hutegemea maji: gramu 15 hadi 30 kwenye maji yaliyotulia, 60 hadi 90 kwenye mkondo wa wastani, na zaidi ya 120 mkondo ukiwa mkali. Umbo la yai hubingirika mtoni, bapa hutulia.

Chini pakiwa na mawe au matawi, tumia swiveli ya pete tatu: pete moja mshipi mkuu, ya pili kipande cha ndoana, ya tatu chubwi kwa mshipi mwembamba wa mm 0.30 wenye urefu wa sm 20. Likinasa, ule mwembamba ndio unaokatika, unapoteza chubwi peke yake. Penye matope au majani laini, weka boya dogo kwenye kipande cha ndoana, sm 8 kutoka kwenye ndoana, liinue chambo kidogo.

Kipande cha samaki kitoboe mara moja tu, pembeni, ukiingilia kwenye nyama na kutokea kwenye ngozi, kwa kuwa ngozi ndiyo inayoshikilia. Ncha yote ibaki nje. Ini ni laini mno. Lifunge kwa uzi wa kushonea, la sivyo litaruka wakati wa kurusha.

Kabla ya kurusha, iburute ncha taratibu juu ya ukucha. Ikishika, ni kali. Ikiteleza, inoe kwa tupa ndogo au ibadilishe. Na papasa sm 30 za mwisho za mshipi kila baada ya samaki. Ukihisi mikwaruzo, kata sehemu hiyo na ufunge upya.