Namna ya kumwandaa mtoto wa shule ya Kiswahili kwa mtihani wa kujiunga na sekondari binafsi

Mpwa wangu alirudi nyumbani Mwanga, hapa Kigoma mjini, na alama 31 kwa 100 za Hisabati, mtihani wa kujiunga na sekondari moja ya bweni. Mtoto huyo darasani kwake hatoki tatu bora. Mimi mjomba mtu nilikuwa nimemkalia kooni miezi mitatu na tebo za kuzidisha, kila jioni, mpaka dada yangu akaanza kuninunia. Nikamwambia anitajie maswali anayoyakumbuka. Akataja sita, yote kwa Kiingereza. Nikayaandika kwa Kiswahili nyuma ya bahasha, akayafanya yote kabla chai haijapoa, akakosa moja tu.

Mwaka huo tukaanza upya, akapata nafasi shule nyingine. Tangu hapo nimeandaa watoto wengine watatu wa mtaani. Naandika kwa mzazi au mlezi mwenye mtoto anayesoma shule ya msingi ya Kiswahili na anataka kumpeleka sekondari binafsi au seminari. Mwenye mtoto wa shule ya mchepuo wa Kiingereza anaweza kuruka hatua ya tatu, ingawa hapo ndipo penye kazi yote.

Hatua ya kwanza: jua ni mtihani gani

Kuna mitihani miwili na watu wanaichanganya. Wa kumaliza darasa la saba ni wa NECTA, yaani Baraza la Mitihani la Taifa, unafanyika Septemba, na ndio ambao serikali inautumia kuwapangia watoto shule. Tabora Boys, Tabora Girls, Ilboru, Kibaha, Mzumbe, Kilakala na Msalato, zile tunazoziita za vipaji maalumu, zinachukua watoto kwa matokeo hayo. Hazina fomu ya mtihani wa kuuziwa. Kila mwaka hapa Kigoma nasikia mtu kaombwa hela ya "fomu ya Tabora Boys". Akikuomba, mwambie asante, ondoka.

Mtihani wa pili ni wa shule yenyewe. Sekondari binafsi na seminari kila moja inatunga wake, ina tarehe yake na ada yake ya fomu. Piga simu shuleni kwenyewe, usimsikilize jirani. Uliza mambo matatu: masomo gani, kwa lugha gani, na kama mtoto anatakiwa kuonesha njia au anachagua jibu tu.

Hatua ya pili: karatasi

Cheti cha kuzaliwa, picha ndogo za pasipoti, ripoti za darasa la sita na la saba. Seminari za Kikatoliki wataongeza cheti cha ubatizo na barua ya paroko. Hakikisha jina la kwenye cheti cha kuzaliwa ndilo lililoko shuleni, herufi kwa herufi. Basi.

Hatua ya tatu: hamisha Hisabati kwenda Kiingereza

Hapa ndipo nilipopoteza miezi mitatu, kwa hiyo nivumilie nikirefusha.

Mtoto wa shule zetu amesoma Kiingereza kama somo. Anaweza kukuambia "my name is" na kukutajia wanyama. Hajawahi hata siku moja kukitumia kuhesabu. Kisha tunampa karatasi iliyojaa maneno ambayo hajakutana nayo popote, tunamwambia hajui hesabu.

Anza na msamiati. Namba shufwa ni "even", witiri ni "odd", tasa ni "prime". Mzingo ni "perimeter", eneo ni "area", ujazo ni "volume". Zao ni "product", na hili mpwa wangu alidhani ni sabuni, maana ameliona kwenye pakiti. Kigawo ni "factor" na kigawe ni "multiple". Hayo mawili hata kwa Kiswahili watoto huyachanganya, kwa hiyo yasafishe kwanza kwa Kiswahili ndipo uvuke.

KDS na KKS zina mtego wake. KDS, kigawe kidogo cha shirika, ni LCM, "lowest common multiple". KKS, kigawo kikubwa cha shirika, ni GCF, "greatest common factor", vitabu vingine huandika HCF. Mtoto akiona neno "lowest" anatafuta namba ndogo, akiona "greatest" anatafuta kubwa, halafu majibu yanakuja kinyume. Chukua 12 na 18: KDS ni 36, KKS ni 6. Kile "kidogo" kimetoa namba kubwa. Mfanyishe jozi kumi za namba mpaka aache kushangaa.

Msamiati peke yake ni nusu ya kazi, tena nusu rahisi. Kinachoua ni sentensi. Swali mojawapo kati ya yale sita lilikuwa hivi:

"Juma has 24 mangoes. He has 6 more than Asha. How many mangoes does Asha have?"

Mpwa wangu aliona "more", akajumlisha, akaandika 30. Nikamwambia kwa Kiswahili: Juma ana maembe 24, amemzidi Asha maembe 6. Akajibu 18 bila kunyanyua kichwa. Halafu akanitazama. "Mjomba, kumbe ndilo lile?"

Watoto wengi wamefundishwa, au wamejifundisha, kuwinda neno: "more" jumlisha, "less" toa, "times" zidisha. Watungaji wa mitihani hii wanalijua hilo na wanaweka mtego palepale. Dawa yangu ni moja na siibadilishi. Kabla mtoto hajagusa penseli, asome swali, aweke karatasi chini, anieleze kwa maneno yake nani ana nini na kinachoulizwa ni nini. Aeleze kwa Kiswahili au kwa Kiha, sijali. Akishindwa kueleza, hakuna kuhesabu, anarudia kusoma.

Kisha namgeuzia kibao: atunge yeye. Mada anayo nyumbani. Mama yake anauza mawese, kwa hiyo akaandika kwamba mama ana madumu 9, pungufu kwa 4 kuliko ya shangazi, shangazi ana mangapi? Kumi na matatu. Halafu akaliandika kwa Kiingereza, na "fewer than" ikakaa kichwani, kwa sababu madumu yenyewe yamepangwa ukutani anayaona. Mtoto wa Kibirizi mpe dagaa, wa Kasulu mpe maharage. Maswali ya treni za Ulaya achana nayo.

Saa nusura initoe machozi. Swali: boti imeondoka 10:45 a.m., ikasafiri saa nne na nusu, ilifika saa ngapi? Mpwa wangu aliandika 9:15. Nikamkemea. Usiku nikiwa kitandani ndipo nikaona kwamba mtoto hakukosea. Saa nne na dakika arobaini na tano, ongeza saa nne na nusu, ni saa tisa na robo. Jibu lake lilikuwa sahihi kwa saa yetu, na wao walitaka 3:15 p.m. Asubuhi nikamwomba radhi. Tangu hapo, kwa maswali ya saa, mtoto wangu wa mazoezi haruhusiwi kutafsiri kabisa. Anachora mstari, anaweka adhuhuri katikati, kushoto a.m., kulia p.m., anahesabu humo humo kwa namba zilizoko kwenye swali.

Ndiyo, hiyo inapingana na nilichosema juu kuhusu kueleza kwa Kiswahili. Saa ni jambo la pekee.

Tahadhari nyingine: kutafsiri kunakula muda. Wiki sita za mwanzo mwache aeleze kwa sauti. Baada ya hapo aeleze moyoni, na wiki mbili za mwisho mwekee saa mezani. Niliwahi kuchelewa kumwachisha mtoto mmoja wa Gungu. Akaingia kwenye mtihani akitafsiri kila mstari, na muda ukamwishia akiwa na maswali manane hajayagusa. Kosa lilikuwa langu.

Kuhusu vifaa, mimi ni mtu wa kaunta buku. Nunua la kwaya mbili, piga mstari katikati, Kiswahili kushoto, Kiingereza kulia, na chini ya kila neno sentensi ya mtoto mwenyewe. Maneno matano kwa siku, yasizidi. Mitihani ya nyuma usimfungulie kwenye simu. Mtoto akishika simu, dakika ya pili yuko kwenye katuni. Nenda steshenari, toa kopi, afanye kwa penseli. Na tuisheni ya watoto sitini chumba kimoja siitaki hata bure, kwa sababu huko hakuna atakayemsikiliza akieleza swali, na kusikilizwa ndiyo dawa yenyewe.

Hatua ya nne: kuonesha njia

Mtihani wa NECTA kwa sehemu kubwa ni wa kuchagua jibu na kusiliba. Mtoto aliyezoea hivyo anahesabu pembeni kwa mwandiko wa kuku, anaandika jibu moja. Shule nyingi binafsi zinatoa alama kwa njia hata kama jibu la mwisho limekosewa. Mzoeze mstari mmoja kwa kila tendo, alama ya sawasawa chini ya mwenzake, na kipimo mwishoni: sentimita za mraba, shilingi, kilo. Wiki moja inatosha kama wewe mwenyewe ni mkali.

Hatua ya tano: Kiingereza na Sayansi

Insha fupi mara mbili kwa wiki, nusu ukurasa, kuhusu vitu anavyovijua. Usimkaririshe insha ya "My School". Walimu wameisoma mara elfu. Sayansi ni msamiati tena, kaunta buku lile lile, geuza upande wa nyuma. Usanisinuru ni "photosynthesis", na aiandike bila kukosea herufi.

Hatua ya sita: usaili

Baadhi ya shule humwita mtoto mbele ya walimu wawili watatu. Watamuuliza kwa nini anataka shule yao, na wakati mwingine watampa aya asome kwa sauti. Watoto wetu wamelelewa kutomtazama mkubwa usoni, na mwalimu mgeni anaweza kudhani mtoto hajui. Usimfundishe utundu. Mfundishe asalimie, anyanyue uso, aongee asikike mpaka mlangoni. Omba jirani asiyemzoea aje amuulize. Mimi nilimtumia fundi cherehani wa barazani kwetu, mzee mwenye sauti nzito kama ngoma. Baada yake walimu walionekana wapole.

Hatua ya saba: siku yenyewe

Kama shule iko mbali, safiri siku moja kabla. Basi likiharibika njiani, mtihani haukusubiri. Penseli mbili, kalamu mbili, rula, kifutio. Chai na kitu cha wanga asubuhi, na asijaribiwe chakula kigeni. Njiani msimuulize maswali, mwache atazame miti.

Akitoka, msimuulize kapata ngapi. Mpe lile kaunta buku, aandike maswali yote anayoyakumbuka kabla hajalala, kwa Kiingereza kama yalivyokuja. Mpwa wangu aliandika kumi na moja. Mdogo wake yuko darasa la sita, na buku liko juu ya kabati.