Mitungi pacha: anza na koki ya kati

Nilikuwa nimezamia mita 24 chini ya maji, mitungi miwili ya hewa mgongoni, nimeshamaliza dakika 20, na geji ya shinikizo la hewa bado inasoma baa 210 zilezile nilizoshuka nazo. Nikajisifu moyoni kwamba siku hizi napumua kidogo. Kumbe baada ya kujaza, kuna mtu alikuwa ameifunga koki ya kati, ile inayopitisha hewa kati ya mitungi miwili. Geji yangu iko kwenye mtungi wa kushoto, nami muda wote navuta wa kulia. Nilipoifungua, hewa ikapiga mluzi kisogoni na mshale ukashuka huku nauona.

Kwa hiyo kabla ya kuvaa, zungusha koki zote tatu kwa mkono wako: kulia, kati, kushoto. Kutazama hakutoshi. Ukiwa majini zishike tena, hasa ukipita chini ya dari ya meli iliyozama, kwa sababu koki ya kushoto ikisuguana na dari hujifunga yenyewe.

Mipira naifunga hivi. Kulia ni rigyuleta (kifaa cha mdomoni cha kuvutia hewa) ninayopumulia, yenye mpira wa mita 2, ndiyo nitakayompa mwenzangu akiishiwa. Na mpira wa kujaza mfuko wa kuelea. Kushoto ni geji na rigyuleta ya akiba, nayo inaning'inia chini ya kidevu.

Ukisikia mapovu nyuma, funga koki ya kati kwanza. Nusu ya hewa imepona, sasa tafuta upande unaovuja. Wapo wanaoanza na koki ya pembeni. Mimi siliamini sikio langu majini, sauti hutoka kila upande. Mkono usipofika, legeza mkanda wa bega, kisha mkono mwingine usukume vitako vya mitungi kwenda juu. Mazoezi haya fanyia mita 5, mwalimu akiwa pembeni. Mimi ilinichukua wiki nzima, na bega liliuma kwelikweli.

Hesabu ya hewa ni nyepesi. Mitungi miwili ya lita 12 kwa baa 210 ni lita 5,040. Theluthi ya kwenda, theluthi ya kurudi, theluthi ya dharura. Geji ikifika 140, geuka, hata kama umeona samaki wa ajabu.

Halafu uzito. Hewa yote hiyo ina karibu kilo 6, nawe utaimaliza sehemu kubwa njiani. Pima risasi zako, yaani vyuma vya kukuzamisha, mitungi ikiwa karibu tupu. Ukizipima imejaa, wakati wa kusimama mita 5 kabla ya kutoka utajikuta unapanda tu, miguu juu, umeshikilia kamba ya nanga.